Kamati ya shule inataka kupima watoto uzito, kuondoa wauzaji getini na kudai kodi ya soda. Tuanze na lipi?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Miaka ya karibuni tunaona watoto wengi wakinenepa, na walimu wetu wawili wameambiwa wana kisukari. Kikao kilichopita yaliletwa mapendekezo matatu. Kwanza, watoto wote wapimwe uzito kila muhula na majibu yaandikwe kwenye ripoti ili wazazi wazembe wajijue. Pili, wauzaji wote waondolewe getini. Tatu, tumwandikie mbunge wetu barua kuomba kodi ya soda ipandishwe. Shemeji yangu ana duka la jumla, naye anasema kodi ya namna hiyo ni kumkamua maskini, haijawahi kumpunguza mtu hata kilo moja, watu waache uvivu wafanye mazoezi. Mimi nimebaki katikati. Binti yangu ana miaka 11, ni mnene, wenzake wanamwita Bonge. Pendekezo la kupima limeniuma, lakini naogopa kusema wasije wakadhani namtetea mwanangu. Je, sera na kampeni hizi zinasaidia kweli au ni siasa tu? Na tuanze na lipi?"

Jibu:

Marahaba, mama. Swali lako lina swali jingine ndani yake. La wazi ni la kikao: mapendekezo matatu yapo mezani, lipi litangulie. La ndani hukulitamka, lakini linasomeka: je, mimi na mwanangu tuna kosa? Naanza na hilo la ndani, kwa sababu kamati ikilijibu vibaya itayaharibu na hayo mengine. Hamna kosa. Na neno "wazazi wazembe" lingefutwa kwenye muhtasari wa kikao kabla hamjaendelea na ajenda yoyote.

Tazama takwimu za nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliokithiri. Utafiti uliofuata, wa 2015-16, ukakuta asilimia 28. Muda mfupi kiasi hicho hautoshi kubadilisha damu ya taifa zima, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba katika miaka hiyo wanawake wa Tanzania walikubaliana wawe wavivu. Kilichobadilika ni kinachotuzunguka. Mafuta ya kupikia yamekuwa ya kupima dukani kila siku. Chipsi zipo kila kituo cha daladala. Soda na juisi za viwandani zimefika hadi mwisho wa barabara ya vumbi. Tunapanda bodaboda pale tulipokuwa tunatembea, na kazi nyingi za mjini ni za kukaa. Tulipopambana na malaria hatukuishia kumlaumu aliyeumwa na mbu; tuligawa vyandarua, tukafukia madimbwi. Sera za kupambana na unene zinafuata njia hiyohiyo, na ndiyo maana nazitetea.

Mwili nao una tabia zake ambazo shemeji yako hazizingatii. Sukari iliyo kwenye kinywaji hupita bila kushibisha. Mtoto aliyekula kipande cha muhogo wa kuchemsha saa nne atapunguza kidogo chakula cha mchana bila hata kujua. Aliyekunywa nishati ileile kwa njia ya soda atakula mchana wake kama kawaida, na ile soda inabaki kuwa nyongeza. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hiyo zibaki chini ya sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshavuka.

Kuna jaribio moja napenda kulieleza kwenye semina kwa sababu linamaliza ubishi mwingi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 20 waliokubali kuishi kituoni kwao kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Sukari, mafuta na nyuzinyuzi zilizowekwa mezani zililinganishwa, na kila mtu aliambiwa ale kiasi anachotaka. Kwenye vyakula vya viwandani walikula karibu kilokalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Kwenye vyakula vya kawaida walipungua kiasi kama hicho. Walikuwa watu walewale, na nia zao zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni sahani.

Na mtu akishanenepa, mwili huulinda uzito ule. Akipunguza kula, homoni ya njaa hupanda, ile ya kuashiria shibe hushuka, na mwili huanza kutumia nishati kidogo kuliko ungetegemea kwa uzito wake mpya. Hali hiyo imepimwa na kukutwa bado ipo hata mwaka mzima baada ya mtu kupungua. Ndiyo sababu wengi hupungua kisha hurudi walikotoka, na ndiyo sababu nguvu kubwa ya sera inaelekezwa kwa watoto. Kuzuia ni rahisi mara nyingi zaidi kuliko kurudisha.

Mazoezi ni mazuri, na sitaki mtu aniondolee nafasi ya kuyasifia. Yanasaidia moyo, presha, sukari ya damu, usingizi na hata furaha ya mtoto. Lakini kuichoma soda moja, mtu mzima anahitaji karibu nusu saa ya kutembea kwa haraka. Ukisikia wimbo wa "tatizo si unachokula, tatizo hufanyi mazoezi", uliza nani kaulipia. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kikundi cha wanasayansi kilichokuwa kikisambaza ujumbe wa aina hiyo, Global Energy Balance Network, kilifadhiliwa na Coca-Cola. Kabla mwaka haujaisha kikundi kikavunjwa. Shemeji yako hajalipwa na mtu, najua. Anarudia maneno yaliyotengenezwa mbali, yakasambazwa kwa pesa nyingi hadi yakaonekana kuwa akili ya kawaida.

Sasa twende kwenye kikao.

Pendekezo la kupima watoto na kuandika majibu kwenye ripoti lipingwe, na wewe ndiye wa kulipinga. Hili halihitaji kubahatisha, limeshajaribiwa. Katika jimbo la California shule 79 ziligawanywa kwa kura, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 28,000: nyingine zilipima watoto na kuwapelekea wazazi taarifa, nyingine zilipima bila kupeleka taarifa, nyingine hazikupima kabisa. Watoto ambao wazazi wao walipata taarifa hawakupungua kuliko wenzao. Kilichoongezeka, mahali walipopimwa, ni watoto kutoridhika na uzito wao. Hebu fikiria kwa darasa letu la watoto themanini, mizani moja mbele ya ubao, mwalimu akisoma namba kwa sauti na kiranja akiandika kwenye daftari. Kufikia saa ya mapumziko binti yako atakuwa na jina jipya. Mtoto anayedhihakiwa hapungui. Hula kwa kujificha, huacha kucheza uwanjani ili asichekwe, na wengine huanza kukwepa shule.

Hofu yako kwamba utaonekana unamtetea mwanao naielewa. Iseme wewe mwenyewe kabla hawajaisema: "Ndiyo, nina binti mnene, na kwa hiyo najua kitakachompata mtoto yeyote wa shule hii siku ya mizani." Kisha wape jaribio la California. Kama kamati inataka kweli kujua hali ya watoto, mwalimu mkuu amwombe afisa lishe wa halmashauri afanye upimaji kwa ridhaa ya wazazi, mtoto mmojammoja chumbani na mlango umefungwa, majina yasitoke, na shule ipewe picha ya jumla tu. Watakaokutwa na shida, wazazi wao waitwe kwa faragha na wapewe rufaa. Bila rufaa, kupima ni kumwaibisha mtoto bure.

Pendekezo la getini lina wazo zuri ndani yake, ila limeelekezwa kwa watu badala ya vitu. Mama anayekaanga mihogo pale getini ana watoto wanaosoma humohumo ndani. Mkimfukuza atahamia kona ya pili, na watoto watamfuata kwa kuvuka barabara. Kaeni naye. Mwiteni yeye na wenzake kwenye kikao kimoja, mkubaliane nini kiuzwe na nini kisiuzwe saa za shule: matunda, mahindi na mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, mayai ya kuchemsha, maji viwepo. Soda, juisi za rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu visiwepo. Vya kukaanga mnaweza kuvipunguza polepole, maana huko ndiko faida yake iliko, na ukivikata siku moja umemkatia riziki. Makubaliano hayo yaandikwe, yasainiwe, na nafasi ya kuuza getini ipewe wanaoyashika. Mkiona yanafanya kazi, diwani wenu anaweza kulipeleka wazo hilo kwenye baraza la madiwani ili liwe sheria ndogo kwa shule zote za halmashauri. Hapo mwombeni mwanasheria wa halmashauri awasaidie kuandika, msijitungie wenyewe.

Lakini kabla ya kumgusa mama wa mihogo, simameni nje ya geti mtazame juu. Shule nyingi za mjini, kibao chenye jina la shule kimetolewa na kampuni ya soda, na nembo yao ni kubwa kuliko jina la shule. Duka la ndani lina friji ya kampuni, yenye mlango wa kioo na taa inayowaka mchana kutwa, na kwa kawaida kampuni inayotoa friji hutaka bidhaa zake ndizo zikae mbele. Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kusoma kwa kutumia kibao kile. Kukipaka rangi upya kunahitaji kopo moja la rangi na fundi wa nusu siku. Ningekuwa mjumbe ningeanzia hapo, kwa sababu hakuna mtu anayekosa riziki na hakuna kibali cha wizara kinachosubiriwa.

Na maji. Kama bomba la shule halitoi maji ya kunywa yaliyo salama, basi kila mnalolisema kuhusu soda ni maneno matupu. Mtoto aliyecheza juani na ana shilingi mia tano mfukoni atanunua kilicho baridi na kilicho karibu. Tangi, maji yaliyotibiwa na vikombe ni sehemu ya sera ya kuzuia unene, ingawa watu wengi hawaihesabu hivyo.

Chile ilifanya mambo haya kwa nchi nzima. Daktari mmoja ambaye alikuwa seneta, Guido Girardi, aliibeba hoja hiyo bungeni. Sheria ilipita mwaka 2012 na ikaanza kutumika Juni 2016. Tangu hapo bidhaa zenye sukari, chumvi, mafuta yaliyoganda au nishati nyingi hubeba alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, haziuzwi shuleni, na haziruhusiwi kutangazwa kwa watoto wa chini ya miaka 14. Vikaragosi vya wanyama vilivyokuwa kwenye maboksi ya nafaka za watoto vikafutwa. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo ununuzi wa vinywaji vyenye alama hizo ulishuka kwa karibu asilimia 24. Ninachokipenda katika mfano huu ni kwamba hawakuchagua kitu kimoja. Lebo, shule na matangazo vilikwenda pamoja.

Kuhusu kodi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa shemeji yako ana hoja zinazostahili kujibiwa kwa heshima.

Meksiko ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari tarehe 1 Januari 2014, sawa na karibu asilimia 10 ya bei. Mwaka ule wa kwanza ununuzi ulipungua kwa wastani wa asilimia 6, na kufikia Desemba ulikuwa umepungua kwa asilimia 12. Wapinzani walisema watu watazoea. Mwaka wa pili upungufu ukakaribia asilimia 10 kwa wastani, maana yake hawakuzoea. Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kwa mtindo ambao mimi naupenda zaidi: haikutoza kwa lita, ilitoza kwa gramu ya sukari, senti 2.1 za randi kwa kila gramu inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Katika kaya za mjini zilizofuatiliwa, sukari iliyonunuliwa kupitia vinywaji hivyo ilishuka kutoka zaidi ya gramu 16 kwa mtu kwa siku hadi chini ya gramu 11. Theluthi nzima iliondoka. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kununua kidogo, na sehemu nyingine viwanda vyenyewe vilipunguza sukari ili kukwepa kodi.

Hapo ndipo penye ufundi wa jambo hili. Uingereza ilitangaza kodi yake Machi 2016 na kuianza Aprili 2018, ikiwapa wenye viwanda miaka miwili ya kujipanga. Kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hakilipi chochote, cha gramu 5 hadi 8 kililipa peni 18 kwa lita, na cha zaidi ya hapo peni 24. Kampuni nyingi zilibadilisha mapishi kabla hata siku haijafika. Mtoto anakunywa chapa ileile, kwa bei ileile, na sukari imepungua bila yeye wala mama yake kufanya uamuzi wowote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wa mwaka 2023 uliona kwamba baada ya kodi, kiribatumbo kwa wasichana wa miaka 10 na 11 kilikuwa pungufu kwa asilimia 8 kulinganisha na kilivyotarajiwa kuwa bila kodi, na nafuu kubwa ilikuwa kwenye maeneo maskini. Kwa wavulana tofauti haikuonekana. Naitaja kwa sababu ukienda kwenye kikao na nusu ya habari nzuri pekee, mtu mwenye simu ataitafuta nusu nyingine papo hapo.

Je, inamkamua maskini? Asiyepunguza soda atalipa zaidi, na mia moja ya maskini inauma kuliko mia moja ya tajiri. Hilo ni kweli, nisingelificha. Lakini Meksiko kaya zenye kipato cha chini ndizo zilizopunguza kuliko wote, asilimia 17 kufikia Desemba ile ya mwaka wa kwanza. Na gharama ya kisukari nayo humwangukia maskini kwa uzito zaidi: dawa za kila mwezi, nauli ya kliniki, kidonda cha mguu, figo. Mwenye bima nzuri anatibiwa na mwenye genge anauza genge. Kwa hiyo swali la haki linaishia kwenye fedha za kodi zinakwenda wapi. Wanaharakati wa Meksiko walilijua hilo, wakadai toka mwanzo zipeleke maji safi ya kunywa shuleni.

Anaposema haijawahi kumpunguza mtu hata kilo, ana ukweli wa aina yake: hakuna nchi iliyorudisha unene nyuma kwa kodi peke yake. Meksiko bado zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wana kiribatumbo. Na zipo kodi zilizoshindwa. Denmark ilitoza mafuta yaliyoganda kuanzia Oktoba 2011, siagi na jibini vikapanda bei, watu wakavuka mpaka kwenda kununua Ujerumani na Sweden, na Januari 2013 kodi ikafutwa. Anayekuahidi kwamba kodi ya soda itaondoa unene anakudanganya. Inapunguza sukari inayoingia, hasa kwa watoto, na inafanya hivyo kwa bei nafuu kuliko karibu kila njia nyingine ninayoijua.

Hapa kwetu ushuru wa bidhaa kwa vinywaji baridi upo tayari, Tanzania na Kenya pia. Shida ni kwamba unahesabiwa kwa lita. Kinywaji chenye vijiko tisa vya sukari na kisicho na kijiko hata kimoja vinatozwa kwa kipimo kilekile cha ujazo, na Kenya hata maji ya chupa yamo kwenye ushuru huo. Kiwanda hakina sababu ya kupunguza sukari. Kwa hiyo barua yenu kwa mbunge isiombe tu "kodi ya soda ipandishwe". Iombe ushuru uhesabiwe kwa sukari iliyomo, maji ya kunywa yaondolewe mzigo, na serikali itamke itatumia nini kwa ajili ya maji na chakula shuleni. Hazina nyingi hazipendi kufunga fedha za kodi kwa kazi moja, kwa hiyo msishangae hilo la tatu likigomewa. Ombeni hata hivyo. Mnaweza kuongeza kwamba Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipandishe bei halisi ya tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari kwa angalau asilimia 50 ifikapo 2035, ili mbunge ajue hajitoi mhanga peke yake.

Wakati ni jambo kubwa. Bajeti husomwa Juni, lakini kufikia hapo mengi yameshaamuliwa. Maoni ya kodi hukusanywa miezi mingi kabla, na baadaye kamati ya Bunge inayoshughulikia bajeti husikiliza wadau juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha. Viwanda huwa vimekaa mstari wa mbele, na majedwali yao ya ajira zitakazopotea yamechapwa vizuri. Afrika Kusini pendekezo la awali lililokaribia asilimia 20 lilishuka hadi kama asilimia 11 kwa hoja za namna hiyo. Kamati moja ya shule haitasikika. Kamati za shule za kata nzima, zikiandika barua moja pamoja na walimu, mganga mfawidhi wa kituo cha afya na viongozi wa msikiti na kanisa, zitasikika.

Na mwandike kwa lugha inayoonekana. Mwaka 2013 wanaharakati wa Meksiko wakiongozwa na Alejandro Calvillo walibandika mabango kwenye treni za chini ya ardhi za mji mkuu wakiuliza: ungekula vijiko 12 vya sukari? Kando yake chupa ya soda. Bango lile lilifanya kazi ambayo ripoti nyingi za wataalamu kama mimi hazikufanya. Mnaweza kufanya hivyo kwenye mkutano wa wazazi kwa sukari ya dukani, kijiko na glasi tupu. Pima vijiko tisa mbele yao, taratibu, kisha weka chupa pembeni.

Usidhani ni kazi ya watu wanaojifurahisha. Mwaka 2017 watafiti wa Citizen Lab, kituo cha Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba simu za Calvillo na za mwanasayansi wa serikali Simón Barquera zilitumiwa ujumbe wenye mtego wa programu ya ujasusi, wakati walipokuwa wakitetea kodi ya soda. Ninaitaja ili ujue kwamba wanaozipinga wanaziamini sera hizi kuliko shemeji yako. Isingekuwa zinapunguza mauzo, nani angehangaika?

Mtu atainuka kikaoni aseme: nchi ambayo watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa inaanzaje kuongelea unene? Mjibu kwa upole, kwa sababu uchungu wake ni wa haki. Udumavu na unene vinakaa nyumba moja, mara nyingine kwa mtu yuleyule: aliyedumaa utotoni yuko kwenye hatari zaidi ya kisukari na presha akinenepa ukubwani. Uji wenye lishe shuleni, maji salama na matunda getini vinahudumia watoto wote wawili.

Kwa hiyo, kwa mpangilio wangu: kibao na friji mwezi huu, maji na makubaliano ya wauzaji muhula huu, barua ya kata nzima kabla maoni ya bajeti hayajafungwa. Kupima darasani hapana.

Sasa binti yako. Mimi ni mtaalamu wa lishe ya jamii na sijamwona, kwa hiyo haya ni ya kukusaidia usubiri kwa utulivu hadi aonwe na daktari. Vipimo vya watu wazima, ile 25 na 30 ya uwiano wa uzito na urefu, havimhusu. Watoto hupimwa kwa chati ya umri na jinsia. Akiwa bado anarefuka, mara nyingi lengo huwa uzito utulie wakati urefu unaongezeka, bila kupunguza kilo. Usimnyime chakula, usimpe dawa wala chai za kupunguza unene, na usimtengee sahani yake. Badilisha nyumba nzima: maji mezani, soda ibaki ya sikukuu, wali upungue kidogo na maharage na mboga ziongezeke kwa kila mtu akiwemo baba, simu zizimwe mapema, alale vya kutosha. Kuhusu "Bonge", mwone mwalimu wa darasa uso kwa uso na umwombe alikomeshe jina hilo kama anavyokomesha matusi mengine.

Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona anakunywa maji na kukojoa kuliko kawaida au anaamka usiku kukojoa, anapungua ghafla, ana weusi mnene kama wa makunyanzi shingoni au kwapani, anakoroma na pumzi kukatika usingizini, anachechemea au analalamika nyonga na goti, anaumwa kichwa mara kwa mara, au amekuwa mnyonge, anajitenga na kula kwa kificho. Akiwa na kiu kali, anatapika na kuhema haraka, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kama hana lolote kati ya hayo, kliniki ya watoto ya hospitali ya wilaya inatosha. Omba apimwe presha na sukari, na uulize kama wana mtaalamu wa lishe. Nenda na kadi yake ya kliniki ya utotoni kama bado unayo, kwa sababu ule mstari wa ukuaji wa miaka mitano ya mwanzo unamwonyesha daktari uzito ulianza kupanda lini, na hilo linabadilisha vipimo atakavyoagiza.